Maisha ya Louis Pasteur: Mkono wa Kuume na Mkono wa Kushoto

Wasomaji wapenzi, jina la Louis Pasteur si jina geni kwenu. Katika zahanati na shule limetajwa mara nyingi kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na kwa ajili ya vijidudu viletavyo magonjwa. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mtu huyo hakuanza na mbwa wala na wagonjwa. Alianza na punje za chumvi, tena chumvi itokayo katika mapipa ya divai. Akiwa kijana wa miaka 25 aliona katika punje hizo jambo ambalo wakubwa wake walikuwa wamelitazama wasilione. Jambo hilo liligeuza mawazo ya wataalamu juu ya umbo la vitu vidogo mno ambavyo kwavyo kila kitu kimefanyika. Leo tutasimulia habari hiyo, maana ndiyo mzizi, na chanjo ni tunda lake.

1. Mwana wa mtengeneza ngozi

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa Napoleon, akapewa nishani kwa ushujaa wake. Vita vilipokwisha alirudia kazi ya ukoo wao, ndiyo kutengeneza ngozi za wanyama. Mama yake aliitwa Jeanne-Etiennette. Louis angali mdogo, jamaa walihamia mji wa Arbois, wakakaa kando ya mto, maana kazi ya ngozi yataka maji mengi.

Shuleni hakuwa mtoto wa kushangaza watu. Wala hakuwa mwepesi: alipenda kufikiri polepole, asiseme neno mpaka awe na hakika nalo. Kipaji chake kilikuwa kuchora. Alichora sura ya mama yake, sura ya baba yake, na sura za majirani, kwa rangi za chaki, na picha hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Mchoraji hawezi kufanya kazi yake asipotazama sawasawa: shavu hili na shavu lile, jicho la kuume na jicho la kushoto. Mazoezi hayo ya macho hayakupotea bure.

Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma. Akashikwa na hamu ya nyumbani, hata akatamani harufu ya ngozi za baba yake. Baba alifunga safari, akamrudisha Arbois. Je, mwanzo mbaya hivyo ulimzuia? Hapana. Alisoma tena katika mji wa Besançon, na mwaka 1842 alishinda mtihani wa elimu ya maumbile, ijapokuwa katika kemia alipewa alama hafifu. Mwaka 1843 alirudi Paris, akaingia École normale, shule kuu ya kuwafundisha walimu. Huko alisikiliza masomo ya bwana Jean-Baptiste Dumas, mtaalamu mkuu wa kemia, na moyo wake ukawaka. Tangu siku zile ilikuwa vigumu kumtoa katika chumba cha majaribio hata siku ya mapumziko.

2. Fumbo la asidi mbili

Watengenezaji wa divai wajua sana ya kuwa divai ikikaa katika pipa huacha gamba gumu ndani yake. Katika gamba hilo mtaalamu wa Uswidi aitwaye Scheele alitoa, mwaka 1769, asidi iitwayo tartariki. Baadaye, karibu na mwaka 1820, katika kiwanda cha mji wa Thann ilipatikana asidi nyingine, nayo ikaitwa asidi paratartariki. Wataalamu walizipima zote mbili. Kumbe, vitu vilivyomo ndani yake ni vile vile, na kwa kadiri ile ile! Yaliyomo ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, pasipo kuzidi wala kupungua.

Hata hivyo hazikuwa sawa. Ili mfahamu tofauti yake, yafaa kwanza tuseme neno juu ya nuru. Nuru husafiri kwa kutikisika, kama kamba ishikwayo mwishoni na kutikiswa. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote: juu na chini, kuume na kushoto. Lakini ikipitishwa katika mawe fulani maangavu, hutoka ikitikisika upande mmoja tu, kama kamba ipitayo katikati ya miti miwili ya ua, ambayo haiwezi kutikisika ila juu na chini. Mwaka 1815 mtaalamu Mfaransa, Jean-Baptiste Biot, aligundua ya kuwa vitu fulani vya majimaji, kama maji ya sukari, huupindua upande huo wa nuru. Vingine huupindua kwa kuume, vingine kwa kushoto.

Basi, mwaka 1844 mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, Mitscherlich, alitoa habari ya ajabu. Alichukua chumvi ya asidi tartariki na chumvi ya asidi paratartariki, zilizofanywa kwa sodiamu na amonia. Alisema ya kuwa uzito wake ni mmoja, fuwele zake ni za umbo moja, na vitu vilivyomo ni vile vile, hata jinsi vilivyopangwa ndani. Lakini ya kwanza hupindua nuru kwa kuume, na ya pili haipindui hata kidogo.

Pasteur alisoma habari hiyo akiwa mwanafunzi bado, na fumbo hilo halikumtoka moyoni. Kama vitu viwili ni sawa katika kila jambo, yawezekanaje vitende kazi mbili mbalimbali? Lazima pawe na tofauti iliyofichika. Siku zile wataalamu wengi waliona ya kuwa kukijua kitu ni kujua ndani yake mna nini na kwa kadiri gani, kama mpishi ahesabuye vikombe vya unga na vya maji. Wachache tu ndio waliouliza vile vitu vimewekwaje, kipi kando ya kipi.

3. Jambo lililoonekana mwaka 1848

Mwaka 1848 Pasteur alikuwa msaidizi katika chumba cha majaribio cha bwana Balard mjini Paris. Alizichunguza fuwele za tartariki moja baada ya nyingine. (Fuwele ni punje yenye pande bapa na pembe, kama zile za chumvi au za sukari.) Akaona jambo ambalo Mitscherlich hakuliona: penye pembe za fuwele hizo mna vijipande vidogo vilivyoinama, na vyote vimeinama upande mmoja, wala hakuna vingine upande wa pili vya kuvilinganisha. Fuwele hizo hazina ulinganifu.

Ulinganifu ni nini? Jinyosheeni mikono, wasomaji wapenzi. Vidole ni vitano hapa na vitano pale. Lakini ukiweka mkono wa kuume juu ya mkono wa kushoto, viganja vyote vikielekea chini, gumba moja litatazama huku na jingine kule. Mkono wa kuume ukionekana katika kioo wafanana na wa kushoto. Kiatu cha mguu wa kushoto hakiufai mguu wa kuume. Lakini mpira ukiwekwa mbele ya kioo, mpira ulio katika kioo ni kama ule ule. Kitu kilicho sawa na sura yake ya kiooni kina ulinganifu. Kisicho sawa nayo, kama mkono, hakina.

Pasteur alifikiri hivi: chumvi ya tartariki hupindua nuru kwa sababu haina ulinganifu, basi, chumvi ya paratartariki, isiyopindua nuru, itakuwa na fuwele zenye ulinganifu. Akaziangalia. Moyo wake ukavunjika, maana vile vijipande vya kuinama vilikuwapo hata huku! Mtu mwenye haraka angaliacha hapo na kusema wazo lake lilikuwa bure. Yeye alitazama mara ya pili. Ndipo alipoona ya kuwa katika fuwele nyingine vijipande vimeinama kwa kuume, na katika nyingine kwa kushoto. Zilikuwa aina mbili zilizochanganyika, moja kama mkono wa kuume, na moja kama mkono wa kushoto.

Akaketi na kuzichambua kwa mkono, punje kwa punje, kama mama achambuaye mchele katika ungo: za kuume hapa, za kushoto pale. Aliziyeyusha mbalimbali katika maji, akapitisha nuru. Maji ya zile za kuume yaliipindua nuru kwa kuume. Maji ya zile za kushoto yaliipindua kwa kushoto, kwa kadiri ile ile. Akachanganya zote mbili kwa uzito sawa: nuru haikupinduka tena, kwa kuwa moja ilivuta huku na ya pili ikavuta kule, kama watu wawili wenye nguvu sawa wavutanao kamba. Hiyo ndiyo siri ya asidi paratartariki. Yasimuliwa ya kuwa Pasteur alitoka mbio chumbani, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, naye alikuwa mwalimu mwenzake, akamvuta mpaka bustani ya Luxembourg ili amweleze.

Nalo neno moja lilikuwa kubwa kupita yote. Fuwele ikiyeyuka, umbo lake lapotea: hakuna tena pande wala pembe. Lakini maji yale yaliendelea kupindua nuru. Basi, ukuume na ukushoto haumo katika fuwele peke yake, bali katika molekuli yenyewe, yaani katika chembe ndogo kabisa ya kitu, ambayo hakuna jicho lililoiona. Molekuli mbili zaweza kuwa na vitu vile vile kwa hesabu ile ile, na bado zikatofautiana kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Tuseme pia ya kuwa kazi hiyo ilisaidiwa na baridi ya Ulaya. Chumvi hiyo hujitenga katika fuwele za kuume na za kushoto pale tu maji yanapokauka katika hali isiyofika kama digrii 27 za joto. Kama chumba chake kingalikuwa na joto la adhuhuri kando ya mto Kongo, asingaliona kitu. Lakini baridi ile ile ilikuwako kwa Mitscherlich pia. Aliyeona ni yule aliyetazama kwa bidii.

4. Mzee Biot amjaribu kijana

Habari ikamfikia Biot, aliyekuwa na umri wa miaka 74, mtu mkali, asiyesadiki upesi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 alikuwa ameichunguza nuru, na sasa kijana asiyejulikana adai kuwa amefumbua fumbo lililowashinda wazee! Biot hakumdharau, lakini hakumsadiki pia. Alimwita kwake Collège de France, akampa asidi paratartariki ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikagua, akampa na sodiamu na amonia kwa mkono wake. Pasteur alichanganya vitu hivyo mbele ya macho ya mzee. Kisha chombo kikaachwa mle chumbani, ili maji yakauke polepole, wala kijana hakukichukua.

Fuwele zilipotokea, aliitwa tena. Alizitenga mbele ya Biot, akaonyesha zipi zitapindua nuru kwa kuume na zipi kwa kushoto. Mzee akasema kazi iliyobaki ni yake. Aliziyeyusha mwenyewe, akaanza na zile za kushoto, maana hizo ndizo zilizokuwa ngeni duniani. Mara ile alipotazama, kabla hata hajapima, alijua ya kuwa ni kweli. Mzee yule mkali akamshika kijana mkono kwa machozi, akamwambia jinsi maisha yake yote alivyoipenda elimu hiyo, na jinsi moyo wake ulivyopiga. Tangu siku ile alimtunza Pasteur kama mwanawe, mpaka kufa kwake mwaka 1862.

Mwaka ule ule wa furaha ulikuwa mwaka wa msiba. Mwezi wa Mei 1848 mama yake alifariki ghafula, na Louis alipofika Arbois alikuwa amechelewa. Kwa majuma kadhaa hakuweza kufanya kazi.

5. Uhai wajua mkono wa kuume

Mwaka 1849 Pasteur alikwenda Strasbourg kufundisha kemia, na huko akamwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa shule. Mke huyo aliandika barua na taarifa za mume wake kwa mkono wake, akasikiliza mawazo yake kila jioni, akavumilia saa zake nyingi za kazi.

Mwaka 1853 Pasteur aligundua njia ya pili ya kutenga zile asidi mbili, pasipo kuchambua punje. Alitumia dawa zitokazo katika ganda la mti wa sinkona, ule ule utupatiao kinini ya homa. Dawa hizo pia ni za mkono mmoja. Ninyi mwajua ya kuwa mkono wa kuume ukisalimiana na mkono wa kuume hushikana vema, na ukisalimiana na wa kushoto haushikani vivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa: dawa ile ilishikamana na asidi ya kuume kwa namna moja, na ile ya kushoto kwa namna nyingine, hata moja ikajitenga kuwa fuwele kabla ya mwenzake. Katika siku hizo alipata asidi ya aina ya nne, isiyopindua nuru wala isiyoweza kutengwa, kwa sababu nusu ya molekuli yake ni ya kuume na nusu ni ya kushoto, kama mtu aliyekutanisha viganja vyake viwili.

Njia ya tatu ilitokea pasipo kutafutwa. Katika maji yenye chumvi ya paratartariki iliota kuvu, kama ile iotayo juu ya mkate mkuukuu. Mtu mwingine angaliyamwaga maji yale. Pasteur aliyapima, akaona ya kuwa kuvu imekula asidi ya kuume na kuiacha ya kushoto. Kijimea kidogo kisicho na macho kimechagua! Maana chakula kinauingia mwili kama mguu uingiavyo katika kiatu: ule wa upande wake waingia, ule wa upande wa pili wakataa.

Tangu hapo Pasteur alisadiki ya kuwa ukuume na ukushoto wa molekuli ni alama ya vitu vyenye uhai. Alipokuwa Lille, tangu mwaka 1854, watengenezaji wa pombe walimwomba shauri kwa ajili ya mapipa yaliyoharibika. Katika majimaji yaliyochacha alikuta vitu vinavyopindua nuru. Akafahamu ya kuwa mnamo viumbe hai vidogo, nao ndio wafanyao kazi ya kuchachisha. Basi, njia yake ilipinda hapo: kutoka fuwele hata hamira, kutoka hamira hata vijidudu vya maziwa na divai, kisha vijidudu vya magonjwa ya wanyama na ya watu. Aliyeitazama njia hiyo toka mbali alidhani Pasteur ameacha kemia na kushika kazi nyingine. Sivyo: alifuata uzi ule ule.

6. Mafiga matatu na chungu

Mwaka 1860 Pasteur alieleza mawazo yake yote mbele ya wanakemia wa Paris. Atomu ndani ya molekuli zimepangwaje, hata molekuli ikawa kama mkono? Je, zazunguka kama ngazi ya mzunguko au kama mzabibu upandao mtini? Au zimekaa penye pembe nne za umbo la piramidi? Alisema wazi ya kuwa hajui. Alijua tu ya kuwa mpango upo, na ya kuwa hauna ulinganifu.

Jibu lilipatikana mwaka 1874. Vijana wawili, Mholanzi van 't Hoff mwenye miaka 22 na Mfaransa Le Bel mwenye miaka 27, walilitoa kila mmoja kwake pasipo kuambiana. Ninyi mwaweza kulifahamu mekoni. Wekeni mafiga matatu na chungu juu yake. Fikirini ya kuwa atomu ya kaboni imo katikati, na majirani wake wanne ndio yale mafiga matatu na kile chungu. Sasa figa moja liwe jeusi, la pili jeupe, la tatu jekundu. Ukitazama toka juu, ukaenda toka jeusi hata jeupe hata jekundu, wazunguka kwa kuume. Badilisha mahali pa mafiga mawili, nawe utazunguka kwa kushoto. Mafiga ni yale yale, chungu ni kile kile. Lakini hata uzunguke meko mara ngapi, mpango wa kwanza hautakuwa wa pili usipoondoa figa mahali pake. Lakini kama mafiga mawili ni ya rangi moja, tofauti yote yapotea. Vivyo hivyo kaboni yenye majirani wanne walio mbalimbali huwa na namna mbili, ya kuume na ya kushoto.

Wakubwa wengine walicheka. Mwaka 1877 Kolbe, profesa mashuhuri wa Ujerumani, alimdhihaki van 't Hoff, aliyekuwa akifundisha katika shule ya waganga wa wanyama, kana kwamba ameota ndoto. Lakini mwaka 1901 van 't Hoff, kwa kazi zake nyingine za kemia, alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Pasteur aliishi hata kuyaona mengi ya hayo. Mwaka 1886 Mwitalia Piutti alionyesha ya kuwa asparajini, kitu kipatikanacho katika mimea, kina namna mbili: moja ni tamu ulimini, na nyingine haina utamu. Pasteur alifahamu maana yake: ulimi wetu nao umefanywa kwa molekuli za mkono mmoja, ndiyo sababu waonja tofauti.

Neno moja tu lilibaki. Watu walijua ya kuwa mipango ni miwili, lakini hawakujua upi ni wa kuume kwa kweli, wakakata shauri kwa kubahatisha. Mwaka 1951 Mholanzi Bijvoet na wenzake, mjini Utrecht, walipitisha mionzi ya X, ile itumiwayo hospitalini kutazama mifupa, katika fuwele za chumvi ya asidi tartariki, jamaa ya zile za Pasteur. Wakaona mpango wenyewe. Bahati ilikuwa njema: waliobahatisha walikuwa wamechagua sawa.

7. Misiba, kazi na mwisho wake

Msidhani ya kuwa maisha ya Pasteur yalikuwa sherehe tu. Alizaa watoto watano, akazika mabinti watatu: Jeanne mwaka 1859, Camille mwaka 1865, na Cécile mwaka 1866. Wawili kati yao walichukuliwa na homa ya matumbo. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, alipooza upande mzima wa kushoto. Mtu aliyewafundisha watu siri ya mkono wa kushoto alipotewa na nguvu ya mkono wake mwenyewe wa kushoto. Tangu hapo wasaidizi walifanya kwa mikono yale aliyoyapanga kwa akili. Nayo kazi zake zilizosifiwa kupita zote, yaani chanjo, zilikuja baada ya ugonjwa huo.

Mwaka 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo kwa ajili ya ugonjwa wa kimeta mbele ya umati wa watu, nao waliochanjwa wakapona. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister wa Alsace, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa mganga, na chanjo ile ilikuwa bado mpya. Usiku hakupata usingizi kwa hofu ya mtoto huyo. Mtoto akapona. Mwaka 1888 Institut Pasteur ilifunguliwa Paris kwa sadaka za watu wa nchi nyingi, na mwaka 1908 tawi lake likawekwa Brazzaville.

Hakuwa mtu asiye na kosa. Alipenda kushinda katika mabishano, na alipobishiwa alijibu kwa ukali. Madaftari yake, yaliyosomwa na wataalamu miaka mingi baada ya kifo chake, yaonyesha ya kuwa chanjo ya Pouilly-le-Fort ilitengenezwa kwa njia ya msaidizi wake Chamberland, naye hakulisema jambo hilo wazi. Tena alisadiki ya kuwa mtu hawezi kamwe kutengeneza molekuli za mkono mmoja pasipo msaada wa uhai. Alijaribu kwa sumaku, akafikiri hata kuugeuza mwendo wa nuru ya jua juu ya mimea, asifanikiwe. Wengine baadaye walitengeneza vitu hivyo katika vyombo vyao, lakini walipata kuume na kushoto kwa kadiri sawa, ila palipokuwapo kitu kingine kisicho na ulinganifu cha kuongoza. Na swali lake kubwa lipo mpaka leo: kwa nini protini za miili yetu zimefanywa kwa molekuli za mkono wa kushoto, na sukari zetu kwa zile za mkono wa kuume? Hakuna aliyelijibu.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895 huko Villeneuve-l'Étang, karibu na Paris. Jamaa yake walisimulia ya kuwa mkono wake mmoja ulikuwa katika mkono wa mkewe, na mwingine umeshika msalaba. Mazishi yake yalifanyika katika kanisa kuu la Notre-Dame tarehe 5 Oktoba, kisha mwaka 1896 mwili wake ukalazwa chini ya nyumba ya Institut Pasteur.

Wasomaji wapenzi, Mitscherlich alikuwa na elimu nyingi kuliko kijana yule, na fuwele zilikuwa zile zile. Yeye aliona kufanana, akaridhika. Pasteur naye aliona kufanana, lakini hakuridhika. Na wazo lake liliposhindwa, hakulilinda wala hakulitupa, bali alitazama tena. Atakaye kujua kweli ya jambo lolote, liwe dogo kama punje ya chumvi, na afanye vivyo hivyo.

Maswali ya kujiuliza

1. Mitscherlich aliona nini katika zile chumvi mbili, na ni nini asichokiona?
2. Kwa nini maji ya fuwele zilizoyeyuka yaonyesha umbo la molekuli?
3. Mzee Biot alimjaribu Pasteur kwa njia gani, na kwa nini jaribu hilo lilikuwa la haki?
4. Pangeni mafiga matatu ya rangi mbalimbali na chungu juu yake, kwa namna mbili. Waonyesheni wenzenu ya kuwa mpango mmoja hauwezi kuwa mwingine kwa kuzungushwa tu.